Chuma Tulichokipamba Maua

Kuna siku siisahau, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa mbaya. Ilikuwa siku nzuri mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitoka stoo ya reli na kopo la rangi nyeupe mkononi, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, nikashuka barabara ya kando ya ziwa nikipiga mluzi. Nilikuwa nakwenda kukipaka rangi kile chuma ambacho ninyi leo mnakiita Chuma cha Baraka. Kabla ya siku hiyo kilikuwa cheusi.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya swali lako la jana. Ulikuja na wenzako wa kartie, huu mtaa wetu, mkiwa na mbao zenu zimepigwa randa vizuri, mkaniambia mnataka kusimamisha vibao kando ya barabara ili mtu anayepita asome historia ya mji wetu. Nilifurahi, usinielewe vibaya. Kibao kwenye gare ya treni, kibao kwenye hangari za zamani za bandari, kibao kwenye daraja la Lukuga, yote hayo nimeyasikia na nimeyapenda. Kisha ukanisomea maneno mliyoyaandaa kwa ajili ya chuma: kwamba wazee wetu walikisimamisha ili kumshukuru Mungu, na kwamba mahali pale ni pa baraka. Ukaniuliza, "Papa Kisimba, ni vile?" Nikakujibu kwamba nimechoka, urudi kesho.

Sikuwa nimechoka. Nilishindwa kusema mbele ya wenzako kwamba maneno yale si kweli, kwamba uongo huo ulianza na brashi yangu mimi, na kwamba kwa ajili yake nimemzika mjukuu. Jambo la namna hiyo mtu halisemi akiwa amesimama mlangoni na watu wanachungulia saa kwenye simu zao. Sasa umerudi peke yako, na hiyo ni heshima, nimeiona. Kaa. Hicho kiti kina mguu mbovu, usijitupe.

Nikiwa mtoto wa shule, miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, ziwa lilipanda. Usidhani lilikuja kwa kishindo. Ningependa lingekuja kwa kishindo, watu wangekimbia. Lilikuja polepole. Leo limefika kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mwezi ujao limefika kwenye mafiga ya mtu jikoni. Watu waliweka matofali chini ya miguu ya vitanda, wakaendelea kulala. Wazee walisema Lukuga, mto unaoyatoa maji ziwani, imeziba kwa mchanga na majani pale inapotokea, kwa hiyo maji hayana njia ya kwenda. Basi tukangoja ifunguke. Sisi watu wa ziwa ndivyo tulivyo. Tunalijua, tunakula kutoka kwake, tunaogea humo tangu tunazaliwa, na hatuamini kwamba siku moja linaweza kututoa nyumbani.

Wakati tunangoja, vyoo vilijaa. Maji ya vyoo yakaingia visimani, na watu wakaanza kuhara na kutapika. Kartie yetu hakuna aliyezama, mwanangu. Walikufa kitandani, nyumba ikiwa bado imesimama, maji ya kufika kifundo cha mguu yametulia sakafuni. Walikufa zaidi watoto.

Maji yalipoacha kupanda, kabla hayajaanza kurudi nyuma, wazee wa wakati ule waliomba vipande vya reli chakavu. Wakavisimamisha kando ya barabara, kila kipande mahali maji yalipofika mwisho, wakavipaka lami. Lami inazuia kutu, lakini pia walitaka weusi, kwa sababu ni msiba. Kila chuma kilikuwa na mwenyewe, familia iliyozika mtu kutoka mahali hapo. Na sheria yake ilikuwa nyepesi, hata mlevi aliijua: upande wa chuma unaoelekea mlimani, jenga. Upande wa ziwa lima mboga, anika ndagala, dagaa wetu hawa, shona wavu wako, lakini usilale huko. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Aliyeisema ni mwenye chuma, kwa mdomo wake, kwa kila aliyepita.

Kwenye kona yetu mwenye chuma alikuwa Mama Veronika. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya puani, na meza yake ya ndagala kavu ilikuwa chini ya chuma chenyewe. Alimpoteza binti yake kwa maji yale, binti aliyeitwa Agnesi. Ukienda kununua ndagala kwake, kabla hajashika sahani ya kupimia, anakunyooshea kidole upande wa ziwa.

"Hapa njo maji ilisimama," anasema. "Kule njo mutoto wangu Agnesi alifia, juu ya kitanda, maji iko chini ya kitanda. Usilale kule."

Ndipo anapima. Alimwambia mgeni, alimwambia mwenyeji. Alimwambia hata aliyenunua kwake asubuhi akarudi jioni kwa sababu wageni wamemfikia. Alimwambia mwalimu, polisi, mtoto aliyetumwa na mama yake. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, miaka na miaka.

Sisi vijana tulimchoka. Nakuambia kama ilivyokuwa, nisijipambe. Tulimkwepa. Tulitembea mpaka soko la mbali kununua ndagala za bei kubwa zaidi ili tu tusisikie habari ya kitanda na maji. Na tulipokaa na pombe yetu ya mahindi, mmoja wetu angenyoosha kidole na kuanza kwa sauti ya puani, "Hapa njo maji ilisimama," na wote tunaanguka kwa kicheko. Aliyemwiga vizuri kuliko wenzake nilikuwa mimi. Hata mikono yake niliiweza, alivyokuwa akiifuta kwenye kitenge kabla ya kushika sahani. Waliniomba nirudie, nikarudia.

Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa reli, fundi rangi. Kazi yangu ilikuwa kupaka vile vigingi vya kilomita kando ya njia, kutoka hapa mjini kuelekea Nyemba, mwili mweupe na tarakimu nyeusi. Ilikuwa kazi nzuri. Unakwenda na kitoroli, unashuka, unapaka, unakula mihogo yako kivulini, unaendelea. Kichwa changu kilijaa majivuno. Nilijiona kama mimi ndiye ninayeuambia ulimwengu mahali ulipofika.

Basi parokia ikapata Padri mpya. Alikuwa mtu mwema, mgeni kutoka mbali, hakujua lolote la huku kwetu. Akatangaza kwamba mwaka ule maandamano ya Sakramenti yatapita barabara ya ziwa, akaomba vijana tuisafishe na kuipendezesha. Wasichana wa kwaya walikuja kutazama kazi. Mmoja wao alikuwa Albertina, ambaye baadaye alikuwa mke wangu, Mungu amrehemu. Nilikuwa namtamani kwa muda mrefu na sijui nianzie wapi. Akavitazama vyuma vile vyeusi vilivyojipanga kando ya barabara, akasema vinatia hofu, vinafanana na visiki vya msitu uliochomwa. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, aniachie mimi.

Kesho yake ndiyo siku ile ya mluzi. Mama Veronika hakuwepo. Alikuwa amepanda boti kwenda Moba kumwona dada yake mgonjwa. Je, nilichagua siku hiyo kwa sababu hayupo? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani sikuchagua, lakini nilipoona meza yake tupu nilifurahi, na hiyo inatosha.

Tukavipaka vyote vyeupe, juu kidogo buluu kwa heshima ya Mama Maria. Tukafunga matawi ya michikichi na maua mekundu. Siku ya maandamano Padri alisimama kwenye kila chuma, akafukiza ubani, akabariki, na kwaya ikaimba. Jua lilikuwa linameta juu ya ziwa, watoto wametupa maua njia nzima. Watu wazima walilia kwa furaha. Albertina alinitazama kutoka kwenye mstari wake wa kwaya na akatabasamu. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile, na wala sikuwaza kwamba nimefanya kosa.

Mama Veronika aliporudi kutoka Moba, hakupitia kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu na mzigo wake kichwani, akautua, akakataa maji ya kunywa. Baba yangu alipoona amekataa maji, alinigeukia mimi.

"Kisimba," akasema, "njo weye ulipaka chuma changu?"

"Ndiyo, Mama. Tulitaka kupapendezesha."

"Rangi ni muzuri," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichanganya, maana nilijiandaa kwa matusi. "Sasa nitaambia watu nini? Muntu akiona chuma cheusi, anauliza nani alikufa. Akiona hiki chako, atauliza sikukuu ni lini."

Baba akaniamuru niombe radhi, nikaomba. Mama Veronika akasema radhi ameipokea, lakini anataka lami yake irudi. Nikamwahidi. Nikasema nitairudisha baada ya sikukuu kupita, maua yakishakauka.

Sikuirudisha. Mwanzoni nilisema lami imekwisha stoo. Kisha maandamano ya mwaka uliofuata yakapangwa kupita palepale, na nani angekubali kuvitia weusi tena vyuma ambavyo Padri amevibariki? Kila mtu alinisifu. Mama zangu wadogo walinisifu. Albertina alishakubali kunywa soda nami. Ukweli ni kwamba sikutaka kurudisha, kwa sababu barabara ilikuwa imekuwa nzuri, na mimi ndiye niliyeifanya nzuri.

Mama Veronika aliendelea kusema maneno yake kwa muda. Lakini sasa watu walipata la kumjibu. "Mama, acha huzuni, Padri alishabariki hapa." Au, "Mama, hayo yalikwisha, tazama maua." Walimwambia kwa upole, ndiyo maana hakuweza kugombana nao. Kidogo kidogo akapunguza. Siku moja nilikwenda kununua ndagala, nikasimama mbele ya meza nikisubiri kidole chake kinyooke. Akachukua sahani, akapima, akanifungia, akanirudishia chenji. Hakusema kitu. Nikaondoka, na unajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia nafuu. Nilisema, afadhali, sasa mtu ataweza kununua samaki kwa amani. Kati ya mambo yote ninayokuambia leo, hilo ndilo linaloniaibisha kuliko mengine.

Alikufa miaka kadhaa baadaye kwa uzee. Tulimzika kwa nyimbo nyingi. Nami nilitengeneza msalaba wake, nikaupaka rangi nyeupe.

Sasa tazama jambo linavyokwenda, mwanangu. Vile vyuma vingine viling'olewa kimoja kimoja, watu wakavikata na kuviuza kama chuma chakavu. Hiki cha kona yetu kikabaki, kwa kuwa nilikipaka kila mwaka kwa mkono wangu, hata baada ya kustaafu, hata miaka ambayo reli yenyewe haikuwa na rangi. Maharusi wakaanza kupigia picha pale. Mtu anayesafiri kwa boti kwenda Kigoma anapita kwanza kukigusa. Vijana wa pikipiki wanaegesha chini yake wakingoja abiria. Kisha vita vikaja, watu wakatukimbilia kutoka Nyunzu, kutoka Manono, kutoka vijiji vya ndani, wanatafuta mahali pa kulaza watoto. Wenye viwanja wakaanza kuuza upande wa ziwa. Mgeni akiuliza kama pale ni pazuri, anaambiwa, pale pana chuma cha baraka, hata Padri anasimama pale. Nani angewaambia vingine? Wazee waliokijua chuma cheusi walikuwa wamekufa, isipokuwa wachache sana. Mmoja wao nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeshika brashi.

Binti yangu Feza, yule mshonaji unayemjua, alikuja jioni moja tukiwa tunakula. Uso umemng'aa.

"Papa, niko na habari muzuri. Tumepata parseli ya kujenga."

"Wapi?"

"Pale kwenye chuma, upande wa ziwa. Mwenyewe anahamia Lubumbashi, anatuachia kwa bei ya kindugu."

Nilirudisha tonge la bukari kwenye sahani. Nikamwambia, zamani maji yaliwahi kufika pale. Hivyo tu. Nilisema kama mtu anayezungumzia mvua.

"Zamani gani, Papa? Nilizaliwa hapa, nimekulia hapa, sijasikia muntu akisema. Nikiwa mutoto nilibeba maua mpaka pale, na mukono wangu njo weye ulikuwa unaushika. Kama palikuwa pabaya, mbona mulikuwa munapapamba maua?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa ni kumwambia habari ya Agnesi na kitanda, na ya mama aliyesema maneno yaleyale kila siku, na ya vijana waliomcheka mpaka akanyamaza, na jina la kijana aliyemwiga vizuri kuliko wote. Ningeanza hapo ningelazimika kufika mwisho. Binti yangu alikuwa ananitazama kwa furaha, ananiona baba mtu mzima, mtu wa parokia, mtu ambaye kila mwaka anachukua ngazi na kopo na kwenda kuheshimu mahali patakatifu. Sikutaka kuupoteza uso ule. Nikasema, "Mungu akusaidie, mwanangu." Nikala chakula changu.

Walijenga. Nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma, baraza linatazama maji. Nilikwenda kukaa pale jioni nyingi. Mtoto wake wa mwisho, Mapendo, alikuwa ananiita Babu Rangi, kwa sababu alisema nanuka rangi hata nikioga. Alipenda kukalia mguu wangu mmoja na kuniambia nimbebe kama farasi, na yeye farasi hajawahi kumwona.

Kisha hii miaka ya juzi ziwa likapanda tena. Hayo umeyaona mwenyewe, huna haja nikueleze. Lilikuja vilevile, bila kelele. Siku moja niliona Feza ameweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Nikamwambia atoke siku hiyohiyo. Safari hii alinisikia, alikuwa anaona kwa macho. Lakini alikuwa na cherehani zake, ana nguo za watu ndani, ana watoto na minerval, ile karo ya shule, na nyumba ya kupanga upande wa mlima ilikuwa imepanda bei, kwa sababu kila mtu anaitafuta. Akasema, "Papa, wacha tungoje kidogo, itashuka." Tukangoja. Mimi pia nilingoja, mwanangu, mimi niliyejua.

Mapendo alianza kuharisha asubuhi. Alipofikishwa kwenye kituo cha kipindupindu macho yalikuwa yameshaingia ndani. Walimtundikia maji, walijitahidi sana wale wauguzi, siwalaumu. Jioni alikuwa amekwisha. Ugonjwa ule hauwaachi watu hata nafasi ya kuzoea kwamba mtoto anaumwa. Watu wa kituo ndio waliofunga mwili, na hatukuruhusiwa kumwosha.

Baada ya mazishi Feza alikaa hapo ulipokaa wewe. Watu walikuwa wameshaondoka. Akaniuliza, "Papa, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilijua." Nikamweleza yote, kuanzia chuma cheusi mpaka kile kicheko chetu.

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitenge chake magotini, akasema, "Sasa mbona uliniambia kidogo vile?"

Aliingia ndani akalala. Tunaishi nyumba moja sasa, ananipikia, ananifulia, ananiamkia vizuri kila asubuhi. Swali lake hajalirudia tena. Ningependa alirudie, maana kunyamaza kwake kunanielemea zaidi. Nikiamka usingizini nikikumbuka farasi, najifunika shuka usoni ili asinisikie, na najua ananisikia.

Ndiyo sababu sikukujibu jana, na ndiyo sababu nakujibu leo. Maji yameanza kurudi nyuma, umeona. Nimepita pale wiki hii na fimbo yangu. Watu wanachimba matope kwenye misingi yao, wanahesabu tofali zilizopona. Wapo waliokwisha kuezeka. Na ninyi mnataka kuwawekea kibao kinachosema ni mahali pa baraka. Mkikisimamisha kibao hicho, mwanangu, mtawasaidia kurudi, na watarudi na watoto wao.

Asubuhi hii nilimwambia Feza kwamba utakuja. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja mtoto wake. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, akasema bila kuinua kichwa, "Muandike jina lake lote. Musiandike 'mutoto moja.'" Kwa hiyo andika. Andika kwamba maji yalisimama hapa, na kwamba yalisimama hapa mara ya pili. Andika Agnesi, binti ya Mama Veronika. Andika Mapendo, binti ya Feza. Wengine waliozika kutoka pale, nenda kawaulize mmoja mmoja, wakukubalie au wakukatalie. Kisha andika: usilale upande wa ziwa. Hayo yanatosha. Na chuma kirudishiwe weusi. Nyonga yangu hainiruhusu kupanda ngazi, lakini kuikoroga lami bado naweza, na kukuonyesha namna ya kuipaka isitiririke pia naweza.

Padri wenu wa sasa nitamwendea mwenyewe. Maandamano yapite, sala haijawahi kumdhuru mtu. Ila pale kwenye kona asimame mtu kwanza aseme kilichotokea, ndipo waimbe.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana naona umeanza kuangalia mlango na mimi pia koo limekauka. Kibao ni kitu kizuri, lakini usikiamini sana. Herufi zitafifia. Mtu mwenye moyo mzuri kama wangu wa wakati ule atakuja na rangi, atasema maneno haya yanahuzunisha wapita njia, tuyabadili kidogo. Hatakuwa mtu mbaya. Kwa hiyo kila kibao mnachosimamisha, kitafutieni na mtu. Mtu wa kukaa karibu yake na kusema. Akisema jambo lilelile kila siku, msimkimbie. Akiwachosha, chokeni mbele yake, msichoke nyuma ya mgongo wake kwa kumwiga. Mwenye msiba anayerudia maneno yake anafanya kazi kwa niaba yenu nyote, na malipo anayotaka ni kusikilizwa tu.

Na wewe mwenyewe, siku mtoto wako atakapokujia na furaha yake, naye amechagua mahali ambapo unajua pana hatari, mwambie yote. Usimwambie kidogo ili usimharibie jioni yake. Kama kumwambia yote kunadai uiseme na aibu yako, iseme. Baba aliyeaibika mbele ya mwanawe bado ana mwana wa kuaibika mbele yake. Mimi niliilinda heshima yangu kwa usiku mmoja wa bukari, na gharama yake umeisikia.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe kazi inayokulisha na nyumba juu ya ardhi kavu. Akujalie katika nyumba yako mzee msumbufu, anayerudia hadithi moja mpaka uijue kwa kichwa, na akujalie masikio ya kumvumilia. Na utakapozeeka, akuondolee hamu ya kupendwa na wote, akupe ujasiri wa kuwachosha watoto wako mpaka wapone.